SULTANI QALAWUN: MTUMWA ALIYEWAJENGEA WAGONJWA NYUMBA YA MAJI NA UPEPO

 

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, katika ukurasa huu tumezoea kusimulia maisha ya mmoja wa watu wakubwa waliotutangulia. Safari hii tumemchagua Sultani al-Mansur Qalawun wa Misri. Wanafunzi wa somo la tarehe wanamjua kwa vita vyake dhidi ya Wamongolia na wapiganaji wa msalaba. Sisi leo tutavipita vita hivyo haraka, tumtazame kwa jambo jingine: hospitali aliyoijenga mjini Cairo, na jinsi alivyoijenga.

Tuna sababu ya kulichagua jambo hili. Wengi wetu hapa Kisesa tumewahi kuuguza, na tunajua kuwa mgonjwa akipata nafuu kidogo huomba atolewe nje akapunge upepo. Siku moja tulimwuguza mama mmoja wa jamaa zetu katika wodi ambayo dirisha lake lilitazamana na ukuta. Ndani alikuwa hali wala hasemi. Kila alasiri tulimshika mkono taratibu hadi chini ya mwembe uliokuwa uani, na pale, upepo wa ziwa ukivuma, ndipo alipokubali vijiko vichache vya uji. Dawa alipewa, na tunawashukuru wauguzi waliompa. Lakini tulibaki tukijiuliza kwa nini chumba cha mgonjwa kisijengwe tangu mwanzo kikawa na kitu cha ule mwembe ndani yake. Tulipofungua vitabu vya tarehe tukakuta kuwa Waislamu walikwishalifikiri swali hili zaidi ya miaka 700 iliyopita.

KUZALIWA NA KUUZWA KWAKE

Qalawun alizaliwa mnamo miaka ya 1220 katika nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, miongoni mwa Waturuki wa kabila la Qipchaq. Watu wake walikuwa wafugaji, wakihama na mahema yao kufuata majani na maji. Wamongolia walipozivamia nyika hizo, vijana wengi walitekwa na kuuzwa katika masoko ya mbali, naye akawa mmoja wao.

Alifikishwa Misri akiwa kijana mkubwa, akanunuliwa na amiri mmoja kwa dinari 1000 za dhahabu. Bei hiyo ilikuwa kubwa kwa wakati ule, na kwa sababu yake akabandikwa jina la al-Alfi, yaani mtu wa elfu. Neno ni lile lile tunalolitumia sisi kila siku tukihesabu fedha zetu sokoni. Hebu fikirini, wanafunzi, mtu kuitwa maisha yake yote kwa bei aliyouziwa!

Bwana wake wa kwanza alipofariki, Qalawun aliingia katika milki ya Sultani al-Salih Ayyub. Sultani huyu aliwanunua vijana wengi wa Kituruki akawafanya askari wake, akawaweka katika ngome aliyoijenga kwenye kisiwa cha Rawda, katikati ya mto Nile. Askari wa namna hii waliitwa mamluki. Walifundishwa dini, kupanda farasi na kutumia silaha, na wakihitimu waliachwa huru. Qalawun alikuwa ameshapita umri wa kujifunza lugha kwa wepesi, na inasimuliwa kuwa Kiarabu chake kilibaki cha kubahatisha hadi uzeeni. Hilo halikumzuia kupanda cheo kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1250 mamluki walishika utawala wa Misri. Miaka minne baadaye palitokea fitina kati yao, na Qalawun akakimbilia Sham pamoja na wenzake. Alirudi, akawa amiri mkubwa katika utawala wa Sultani Baybars, aliyetawala tangu 1260 hadi 1277. Mwishoni mwa mwaka 1279, mwaka 678 wa Hijra, mtumwa yule wa dinari 1000 aliketi kwenye kiti cha usultani. Mwaka 1281 alilishinda jeshi la Wamongolia karibu na mji wa Homs.

MARADHI YALIYOMFUNGUA MACHO

Sasa turudi nyuma kidogo, kwani mzizi wa habari yetu uko kabla ya usultani wake.

Katika zama za Baybars, Qalawun alikuwa safarini na jeshi huko Sham akapatwa na maradhi makali ya tumbo akiwa Damascus. Madaktari wakamtibu kwa dawa zilizoletwa kutoka hospitali ya mji huo, iliyojengwa mwaka 1154 na Sultani Nur al-Din Mahmud Zangi. Alipopona, hakuridhika kutuma salamu za shukrani tu. Alipanda farasi akaenda kuiona mwenyewe hospitali ile.

Alikuta nyumba iliyozunguka ua mpana, na katikati ya ua birika la maji. Kumbi zilifunguka kuelekea uani, mgonjwa akawa analala kivulini huku akiona mbingu na kusikia maji. Qalawun alipendezwa mno. Akaweka nadhiri kwamba Allah (S.W.) akimjaalia ufalme, atajenga hospitali kama ile mjini Cairo.

Tutafakari hapa. Qalawun alikuwa amelala kwenye mahema ya nyikani, kwenye ngome ya watumwa na kwenye majumba ya maamiri. Lakini kilichomfundisha haja ya mgonjwa ni kuwa mgonjwa yeye mwenyewe, ugenini, mbali na watu wake.

HOSPITALI YA MANSURI

Kazi ilianza mwaka 1284, sawa na mwaka 683 wa Hijra. Mahali palipochaguliwa ni katikati ya Cairo, penye jumba la zamani la wafalme wa Kifatimi. Ndani ya muda wa kama mwaka mmoja yalisimama majengo matatu pamoja: hospitali, madrasa, na kaburi la Sultani mwenyewe. Palikuwa pia na chuo cha kuwasomesha mayatima. Hospitali iliitwa al-Mansuri, kwa lakabu yake ya kifalme.

Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeishi Cairo zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, ameeleza ilivyokuwa. Katikati palikuwa na uwanja, na kila upande ukumbi mkubwa uliofunguka kuuelekea, jumla kumbi nne. Katika kila ukumbi palikuwa na chemchemi ya ukutani, na maji yake yalitiririka hadi kwenye birika la katikati ya uwanja. Maji yalifikishwa katika sehemu zote za nyumba.

Chemchemi za aina hii zilikuwa na ufundi wake. Bamba la marumaru lililochorwa nakshi huwekwa kwa kuinama, na maji hushuka juu yake kama utando mwembamba. Nakshi huyavunja maji yakatoa sauti laini, na hewa inayopita juu yake hupoa. Sisi tunaijua hikima hii kwa mtungi wetu wa udongo: maji yanayovuja polepole na kukauka nje ya mtungi ndiyo yanayoyapoza yale ya ndani. Waliofanya Cairo ni kuugeuza ukumbi mzima uwe kama mtungi. Katika joto la Misri, mwenye homa alilazwa mahali ambapo hewa yenyewe ilikuwa sehemu ya matibabu.

Hata mapambo ya mafundi wa zama hizo yaliigiza maumbile. Anayezuru kaburi la Qalawun leo huona majani na mizabibu iliyochongwa kwenye lipu ya matao yake. Waislamu hawakupamba nyumba za ibada na za heri kwa sanamu, bali walichora mimea, na jicho lililochoka likapata pa kupumzikia.

Wagonjwa walipangwa kwa maradhi yao. Kumbi nne zile ziliwekwa kwa ajili ya wenye homa. Wenye maradhi ya macho walikuwa na mahali pao, na vilevile waliojeruhiwa, wenye kuhara, na waliorukwa na akili. Wanawake walikuwa na sehemu yao ya peke yao. Palikuwa na jiko, mahali pa kutengenezea dawa, na mahali ambapo mkuu wa madaktari alikaa kuwasomesha wanafunzi wa udaktari.

Hati ya wakfu iliingia hata katika mambo ambayo wengi wangeyaona madogo. Kila mgonjwa apewe chakula katika chombo chake peke yake, kilichofunikwa, asishirikiane na mwingine. Wakati wa joto zitolewe pepeo za majani ya mtende ili wagonjwa wapepewe. Apokelewe tajiri na masikini, mkazi na mgeni, mwanamume na mwanamke, bila kuwekewa kikomo cha siku. Anayefariki akafiwe na kuzikwa kwa heshima.

Gharama hizi zililipwa na wakfu, si na mgonjwa. Sultani alitoa maduka, nyumba na mali nyingine ambazo kodi zake zilikuwa za hospitali na majengo yaliyoungana nayo. Al-Maqrizi anataja mapato yaliyokaribia dirhamu milioni moja kwa mwaka. Chemchemi hukauka isipotunzwa, na ua hugeuka jaa usipofagiwa. Wakfu ndio uliohakikisha kuwa kuna mtu analipwa kila mwezi ili uzuri ule usife.

Siku ya kufunguliwa, Sultani aliagiza aletewe kikombe cha kinywaji cha dawa kutoka hospitalini, akanywa. Kisha akatangaza kuwa nyumba ile ameiweka wakfu kwa aliye sawa naye na aliye chini yake, mfalme na mtumwa, askari na amiri, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Aliyelitaja neno mtumwa siku ile alikuwa analijua utamu na uchungu wake.

DOA JUU YA JENGO

Ndugu wasomaji, tungeweza kuishia hapo mkafurahi. Lakini tunawafundisha watoto kusema kweli, nasi hatuna budi kuisema.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Amiri Sanjar al-Shuja'i, mtu mkali asiyesikia la mtu. Aliwakusanya mafundi wa Cairo akawakataza kufanya kazi ya mtu mwingine yeyote. Mateka wa vita walitumikishwa. Inasimuliwa kuwa waliokuwa wakipita njiani walisimamishwa na kulazimishwa kubeba mawe, hata waheshimiwa wakashushwa kwenye vipando vyao, hadi watu wakaacha kupita mtaa ule. Binti wa kifalme aliyekuwa akimiliki jumba lile alihamishwa akapewa jumba jingine, pasipo hiari yake. Nguzo na marumaru zilibomolewa kutoka ngome ya Rawda, ile ile ambayo Qalawun aliishi alipokuwa mamluki kijana.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wanachuoni walisita kuswali katika majengo yale, wakiona kuwa yamesimama juu ya dhulma. Watu wa Cairo wakabaki na mjadala. Je, jengo linalomponya masikini linafuta jasho la masikini mwingine aliyebebeshwa mawe yake kwa nguvu?

Sisi hatuna mamlaka ya kumhukumu mtu aliyekwisha kufika mbele ya Mola wake, naye ndiye Mwenye kuzijua nia. Lakini swali lile lingali hai. Wanachuoni wale walimkabili mtawala mwenye upanga wakamkumbusha kuwa dhulma haiwi halali kwa kuwa imefanywa kwa ajili ya wagonjwa. Na sisi tunaona kuwa Qalawun, ambaye aliwahi kuuzwa na kutumikishwa, alikuwa na haki zaidi ya wengine ya kulijua hilo kabla ya kuambiwa.

BAADA YAKE

Mwaka 1288 alifariki mjini Cairo daktari mkubwa Ibn al-Nafis, ambaye aliandika jinsi damu inavyopita kwenye mapafu kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, karne kadhaa kabla ya madaktari wa Ulaya kulieleza jambo hilo. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri.

Qalawun mwenyewe alifariki Novemba 1290, mwaka 689 wa Hijra, akiwa ndiyo kwanza anatoka Cairo kuelekea kwenye vita vya Akka. Alizikwa katika jengo lake, kuta chache tu kutoka kwa wagonjwa.

Mwaka 1326 alipita Cairo msafiri Ibn Battuta, akaiona hospitali ile, akaandika kuwa uzuri wake unamshinda mwenye kuueleza. Huyu ndiye Ibn Battuta ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Basi macho yaliyoona miji ya babu zetu wa pwani yalikuwa yameshaziona chemchemi za Qalawun.

Hospitali iliendelea kutibu kwa karne nyingi. Kadiri wakfu wake ulivyodhoofika nayo ikachakaa, na Wafaransa walipoingia Misri mwaka 1798 waliikuta katika hali mbaya. Katika karne ya 20 hospitali ya macho ilijengwa katika eneo hilo, na mabaki ya kumbi za kale yangaliko.

MPAKA KWENYE ZIWA LETU

Msidhani haya ni mambo ya kale tu. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya huko. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na walihitaji dawa chache zaidi kali za maumivu. Tulipolisoma hili tulimkumbuka yule mama yetu na ukuta wake.

Huku kwetu pia wapo walioelekea njia hiyo. Zanzibar, tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887, jengo lenye ua ndani na roshani za mbao zilizochongwa zikitazama bahari. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Na kwenye ziwa letu hili hili, upande wa Uganda, mwaka 2021 ilifunguliwa Entebbe hospitali ya upasuaji wa watoto iliyosanifiwa na Mtaliano Renzo Piano. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa pale pale kwenye kiwanja. Juu ya paa kuna mitambo ya umeme wa jua, na pembeni imepandwa miti, ziwa likionekana kwa chini. Upepo unaowapepea watoto wale ndio unaotupepea sisi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Asili ya mtu haimfungi. Aliyeuzwa sokoni alikuja kutawala, na Kiarabu kibovu hakikumnyima nafasi ya kuwajengea wengine madrasa.

2. Maradhi ni mwalimu. Ukipona, jiulize ulipokuwa kitandani ulikosa nini, kisha umtafutie mwingine.

3. Mgonjwa ni mtu mzima, si tumbo au jicho peke yake. Dawa ni haki yake, na vilevile hewa safi, maji, kivuli, chombo chake na heshima yake.

4. Jambo la heri lisilo na wakfu hufa na mwanzilishi wake. Tukijenga, tujiulize nani atatunza.

5. Heri haijengwi kwa dhulma. Nguvu ya mtu, kiwanja chake na mali yake vitolewe kwa radhi.

Kwa kuyazingatia mafunzo haya, wanafunzi wa darasa la juu wameazimia kupanda miti kwenye zahanati moja ya jirani, inshaallah, mvua zikianza. Tumekwenda kwanza kuomba ruhusa kwa wenye mamlaka, tukapewa. Tumechagua mwarobaini na mwembe, na itapandwa mbele ya madirisha ya wodi, kwa umbali ambao mizizi haitaudhuru msingi. Kila mti utakuwa na watoto watatu wa kuumwagilia, kwa zamu, mpaka ushike. Hatukumlazimisha mtoto yeyote. Waliojiandikisha wamejiandikisha wenyewe, na mzazi asiyetaka mwanawe aende atuambie tu, hana lawama kwetu. Hatuna marumaru wala dirhamu milioni. Tuna majembe, ndoo na maji ya kisima.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, amsamehe Qalawun makosa yake na kumlipa kwa mema yake, na aijaalie miti hii midogo iwe sadaka yenye kuendelea kwa watakaoipanda. Amin.

Wabillahi tawfiq.